Boksa za pamba zimenichubua kabla sijafika Usagara. Nani alitudanganya?

#1 Ngosha wa Miguu
Wakuu, mwadila.

Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne, tumetoka Nyegezi stendi hapa Mwanza saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu. Lengo kufika Kigongo, kuvuka daraja la JPM (Magufuli) hadi Busisi, halafu kurudi na hiace. Ni zaidi ya kilomita 20 kabla hujakanyaga daraja, na daraja peke yake ni kilomita 3. Pumzi ninayo, maji nilibeba, kofia ya pama kichwani. Kilichoniangusha ni boksa.

Nilinunua tatu mpya, karatasi imeandikwa pamba asilimia 100, maana tangu nakua naambiwa nguo ya ndani ni pamba tu. Tumepita Buhongwa nikaanza kuhisi kitu kama mchanga katikati ya mapaja. Tunakaribia Usagara natembea kama bata aliyeshiba. Darajani wenzangu wanapiga picha, mimi nimeshika ukingo nimetanua miguu ili upepo wa ziwa upite. Usiku nilipojimwagia maji nilipiga ukelele hadi mama mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Swali langu: pamba ni nzuri kweli kwa kutembea mbali juani, au tumekaririshwa tu? Mwezi ujao tunataka kwenda Magu kwa siku mbili, kama kilomita 60 hivi. Sitaki kurudia yale.

#2 Dagaa Mkavu
Uzi wa mapaja asubuhi yote hii. Navuta kiti.

#3 Mkemia wa Igoma
Hukudanganywa, uliambiwa nusu. Pamba ni nzuri ukiwa umekaa au umelala. Inanyonya jasho, inapitisha hewa, haina makuu. Shida ikishanyonya haiachii. Hata ikiwa imening'inia kabatini inabeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Sasa wewe umetembea saa tano juani, boksa imeshakuwa kitambaa cha kudekia: nzito, imelegea, imepanda juu ya paja na kujiviringisha. Na ngozi ikilowa muda mrefu inakuwa laini, ikisuguliwa kidogo tu inatoka.

Tafuta poliesta au nailoni yenye kuvutika, ibane kiasi, mguu wake ushuke hadi katikati ya paja. Kama zile wanazovaa wachezaji mpira ndani ya bukta.

#4 Bukta Moja
Poliesta? Kwa jua hili? Mkuu #3, mimi nimezivaa mwaka mzima nikiwa bodaboda. Jioni ukivua, paka anahama chumba.

#5 Mkemia wa Igoma
Bukta Moja, kwenye harufu sikubishii. Poliesta inashika mafuta ya mwili, na bakteria wanapenda hapo. Lakini inakauka upesi. Unaifua jioni, unaikamua, asubuhi unaivaa. Ya pamba asubuhi bado ina ubaridi wa mbichi kwenye mshono. Harufu na kidonda, chagua wewe.

#6 Kuruta wa Zamani
Mnajisumbua. Kambini tulikuwa tunatembea usiku kucha na mzigo mgongoni. Wajanja walikuwa hawavai kitu ndani. Suruali pana, hewa inapita, basi.

#7 Dagaa Mkavu
#6 suruali ya kombati ina zipu, mzee wangu. Tusimulie na upande wa zipu.

#8 Kuruta wa Zamani
Hayo yalimkuta mmoja tu. Na alipona.

#9 Mama Tausi
Mnabishana kama hamna dada zenu wa kuwauliza. Sisi wenye mapaja ya kukutana tulishamaliza hili jambo zamani. Mimi nazunguka visiwani Ukerewe na vitenge, leo Nansio, kesho Ilangala, mguu kwa mguu. Chupi ya kawaida haikusaidii, iwe pamba iwe hariri, kwa sababu haifiki panaposuguana. Ndani navaa chupi ya pamba, juu yake skintaiti fupi ya kufika karibu na goti, halafu dera langu. Kinachosuguana ni kitambaa kwa kitambaa, ngozi haimo.

Na kwa dada mtakaosoma: siku za hedhi msitembee mbali na pedi yenye mabawa mkiwa na chupi iliyolegea. Ile pembe ya bawa ikibanduka inakuwa wembe. Skintaiti ndiyo inaishikilia mahali pake.

#10 Ngosha wa Miguu
Wabeja dada Mama Tausi. Lakini ngosha kuvaa skintaiti si nitafukuzwa ukoo?

#11 Mama Tausi
Ukoo haukuwepo Usagara, ulikuwa peke yako na vidonda vyako.

#12 Dagaa Mkavu
Hapo amemalizwa.

#13 Fundi Cherehani
Naona mnazungumzia kitambaa tu, mshono hamuutaji. Mimi nashona miaka kumi na nane sasa, nimefungua boksa za watu nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ngosha, chukua hiyo boksa, igeuze ndani nje, ishike hivi mbele ya dirisha. Angalia msamba. Boksa za bei ya chini zinakatwa vipande viwili, kushoto na kulia, vinaungwa katikati. Kwa hiyo mshono wa mbele, wa nyuma na ya miguu miwili yote inakutana sehemu moja, hapohapo unapokanyagia hatua. Pitisha kidole gumba, utakuta kifundo kigumu kama punje ya mtama. Hicho ndicho kilichokula ngozi yako. Jasho limesaidia tu.

Boksa iliyoshonwa vizuri ina kipande cha ziada cha kitambaa pale kwenye msamba, kama almasi au kama ulimi, kinasogeza mishono pembeni. Na mishono yenyewe imelazwa bapa, haikusimama kama ya ovaloki. Ukipata ya namna hiyo, pamba au plastiki, utafika Musoma.

#14 Ngosha wa Miguu
Fundi, nimeigeuza sasa hivi. Punje ya mtama ipo. Ipo kabisa.

#15 Mkemia wa Igoma
Fundi ana hoja, ila kidonda cha Ngosha kilikuwa mapajani au msambani? Post #1 amesema katikati ya mapaja. Mshono hauko huko.

#16 Ngosha wa Miguu
Kote kote, mkuu. Naomba tusichore ramani.

#17 Mtu wa Makoroboi
Mnaiamini karatasi. Nani kakwambia hiyo ni pamba? Vuta uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, inaacha majivu laini unayapuliza yanapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kitone cheusi kigumu, harufu ya plastiki. Bibi yangu alikuwa anapima hivyohivyo kila kitenge kabla hajalipa, wenye maduka walikuwa wakimwona wanaficha viberiti.

#18 Ngosha wa Miguu
WAKUU. Nimechoma. Kimebaki kitone cheusi, kigumu, nimekigonga mezani kinalia. Kumbe nilitembea na plastiki siku nzima nikailaumu pamba ya watu!

#19 Bukta Moja
Ndiyo nilichosema mimi!! Mkemia uko wapi?

#20 Mtoto wa Mkulima Misungwi
Nilikuwa nasoma kimya kwa hasira. Baba yangu amenisomesha kwa pamba, kanda nzima hii imejengwa kwa pamba, halafu mtu anakuja kuitukana kwa sababu ya boksa feki. Ombeni radhi.

#21 Fundi Cherehani
Tulieni. Ngosha, uzi umeuvuta wapi? Kwenye mshono?

#22 Ngosha wa Miguu
Ndiyo, ulikuwa unaning'inia pale pindoni.

#23 Fundi Cherehani
Basi umechoma uzi wa kushonea. Uzi wa cherehani siku hizi karibu wote ni poliesta, hata kwenye nguo ya pamba tupu. Kata kakipande ka kitambaa chenyewe, mbali na mshono na mbali na mpira wa kiuno.

#24 Mtoto wa Mkulima Misungwi
Nasubiri hapa na radhi yangu.

#25 Ngosha wa Miguu
Nimekata kidogo upande wa nyuma. Imewaka kama karatasi, harufu ya karatasi, majivu. Ila katikati ya majivu kuna vichembe vyeusi vigumu, vidogo kama mbegu za mchicha. Sasa hiyo ni nini?

#26 Mkemia wa Igoma
Mchanganyiko. Pamba nyingi na nyuzi nyingine ndani yake. Inaweza kuwa zile za kuvutika, ambazo ni za kawaida hata kwenye boksa nzuri, inaweza kuwa poliesta. Kiberiti hakikwambii asilimia ngapi. Kwa hiyo karatasi imekudanganya kidogo, na hoja yangu iko palepale: iliyolowa ilikuwa pamba.

#27 Bukta Moja
Na iliyochubua ilikuwa plastiki. Hoja yangu nayo iko palepale.

#28 Nshomile wa Miguu
Habari zenu. Mimi nimewahi kutembea na kundi la mahujaji kutoka Bukoba hadi Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Mnapita Mutukula mpakani, mnaingia Uganda, Masaka, mnavuka ikweta pale Kayabwe, mnaendelea. Siku nyingi, si asubuhi moja kama hija yenu ya daraja.

Kwenye kundi letu walikuwepo wa pamba, wa nailoni, na mama mmoja mtu mzima aliyevaa sketi tatu. Waliochubuka walikuwa wa kila kitambaa. Nilichokiona kwa macho yangu ni chumvi. Jasho likikauka linaacha chumvi, unaiona kwenye fulana nyeusi kama ramani nyeupe. Ile chumvi iko pia ndani, na ukianza kutembea tena baada ya kupumzika, umevaa msasa. Ndiyo maana maumivu huzidi baada ya mapumziko. Kiongozi wetu alitulazimisha kila mchana kwenda pembeni na chupa ya maji, kujisuuza mapajani, kujifuta hadi kukauka, kuvaa ya pili. Ile ya asubuhi unaifunga nje ya begi ikauke njiani. Aibu ilituisha Masaka.

#29 Ngosha wa Miguu
#28 hii imenigusa. Kweli yalizidi baada ya kukaa Usagara kunywa soda. Nilipoinuka ndipo nikaona nyota.

#30 Dagaa Mkavu
Nshomile katembea hadi Uganda lakini lazima atuambie hija yetu ni ya asubuhi moja. Mhaya ni Mhaya.

#31 Nshomile wa Miguu
Ukweli hauna kabila, Dagaa.

#32 Jiwe la Kirumba
Naunga mkono chumvi. Mwanza siyo Dar. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kiangazi hewa kavu, jasho linakaukia ngozini. Dar ungekuwa umelowa tu mwanzo mwisho.

#33 Mkemia wa Igoma
Linakauka mgongoni na usoni. Pale kunakozungumzwa hakuna kiangazi.

#34 Mpagazi Mstaafu
Nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu sita. Siku ya kwanza kule chini msituni ni joto na unyevu, watu wanasahau. Wageni wengi huvaa sufu ya kondoo wa merino, hadi chupi. Nyepesi sana, siyo ile ya masweta ya bibi. Wanavaa siku tatu nne moja tu na hainuki. Mgeni mmoja aliniachia yake ya mikono mirefu (ya juu jamani, siyo ya ndani), hadi leo naivaa shambani.

#35 Bukta Moja
Sufu Mwanza! Leteni na blanketi.

#36 Mkemia wa Igoma
Mpagazi yuko sahihi ingawa inashangaza. Sufu inabeba unyevu kama asilimia 16 ya uzito wake, kuzidi pamba, lakini unyevu unaingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo ngozini huhisi kulowa haraka. Tatizo ni bei, na inatoboka upesi ikisuguliwa.

#37 Jiwe la Kirumba
Kwenye mtumba si zinapatikana?

#38 Mtu wa Makoroboi
Fulana unaweza kubahatisha soko la Mlango Mmoja ukiwa na subira. Ila nguo za ndani za mtumba TBS (Shirika la Viwango) walishazipiga marufuku. Hata wasingepiga, jiheshimu.

#39 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimetoka kazini, nimesoma wote, naomba niseme na mimi.

Kwanza Ngosha, ni wiki sasa. Kama bado kunawasha, na kuna duara lenye ukingo mwekundu unaosogea kwenda nje huku katikati kunapona, hayo siyo machubuko tena, ni fangasi. Machubuko yanauma, fangasi inawasha. Usinunue zile krimu za mchanganyiko zenye dawa tatu ndani yake. Zina steroidi, wekundu unapungua siku mbili unafurahi, fangasi huku inatambaa chini kwa chini. Ya klotrimazo peke yake, kwa wiki mbili au zaidi, hata kama kumeonekana kupona. Na ukiwa na fangasi za vidoleni, vaa soksi kwanza ndipo uvae boksa, la sivyo unazipandisha mwenyewe. Ikikurudia kila mara nenda kapime sukari.

Pili, kabla ya kutembea paka mafuta ya mgando mapajani na kwenye kinena. Poda siipendi, ikikutana na jasho inakuwa uji, uji ukikauka ni mchanga.

#40 Fundi Cherehani
Dada Nesi, mafuta sawa ila yasifike kwenye mpira wa kiuno. Ukiwa mpira wa asili unalegea. Naletewa nyingi, mtu anadhani amekonda.

#41 Ngosha wa Miguu
Nesi, haliwashi, linauma tu na limeanza kukauka. Nimepumua.

#42 Samaki Mwekundu
Mnavyohangaika na kusuuza kwa chupa wakati ziwa lipo! Ukifika Kigongo teremka, jitose, fua boksa yako hapo, ivae mbichi, ubaridi hadi Busisi. Bure.

#43 Nesi wa Zamu ya Usiku
Samaki, usimpoteze mtu. Kichocho. Huhitaji kunywa, vimelea wanatoka kwenye konokono wanaingia kupitia ngozi yako ukiwa umesimama majini unafua. Dakika chache zinatosha. Boksa ikishakauka kabisa juani haina neno, tatizo ni wewe. Kama mmekuwa mkioga ziwani, nendeni mkapime, dawa ipo.

#44 Samaki Mwekundu
Mimi nimezaliwa Igombe, nimeoga humo miaka yote.

#45 Nesi wa Zamu ya Usiku
Ndiyo maana nimesema mkapime.

#46 Mama Tausi
Na mkizianika nje mbichi kichakani, zipigeni pasi. Kuna nzi anataga mayai kwenye nguo iliyolowa, funza anaingia chini ya ngozi. Mdogo wangu alitoka nao watatu kiunoni, mstari mmoja, palepale unapokaa mpira wa chupi. Tulidhani majipu hadi moja likapumua.

#47 Dagaa Mkavu
Nilikuwa nakula.

#48 Kuruta wa Zamani
Asiyevaa kitu hana haja ya pasi. Nakumbusha tu.

#49 Ngosha wa Miguu
Mrejesho wakuu. Jana nilifanya jaribio, Igoma hadi Kisesa, nikapanda hadi makumbusho ya Bujora, nikarudi. Nimevaa ya nailoni yenye mguu mrefu (haina tofauti na skintaiti, Mama Tausi umeshinda), mafuta ya mgando, na Bujora nikajisuuza kwa chupa kama mahujaji. Fundi alikuwa ameshaifumua mshono wa msamba akaiwekea kipande.

Mapaja salama! Hata wekundu hakuna.

#50 Fundi Cherehani
Mshono.

#51 Nshomile wa Miguu
Chumvi, ndugu yangu.

#52 Mkemia wa Igoma
Hamjathibitisha chochote. Kabadilisha vitu vinne kwa mkupuo, kapunguza na mwendo, na jana kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Ngosha, rudia na mafuta peke yake.

#53 Ngosha wa Miguu
Mkemia, ngozi ni yangu, sitarudia. Ila kuna jingine sikutaka kulisema. Ile fulana ya pamba niliyovaa... chuchu zote mbili zimechubuka, fulana ina madoa mawili ya damu. Hilo nalo linatokana na nini?

#54 Mtoto wa Mkulima Misungwi
Usithubutu kuitaja pamba tena. Ichome kwanza.

#55 Dagaa Mkavu
Uzi umepanda kutoka mapajani hadi kifuani. Nasogeza kiti.